Somo la kikundi: Wageni wakishaondoka, nani atamfunga mtoto plasta?



Somo letu la leo lina mambo mawili. La kwanza ni mtoto anayezaliwa na miguu iliyopinda. La pili ni wale wataalamu wa viungo wanaotoka nchi za nje kuja kujitolea katika hospitali za Afrika. Mtauliza mambo haya yanakutana wapi. Yanakutana kwenye benchi la kliniki, kama nilivyoona mwenyewe.

Nikiwa bado mwanafunzi wa diploma nilitumwa kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alikuwako dada mmoja kutoka ng'ambo, mtaalamu wa viungo, aliyejitolea kwa miezi michache. Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii sana. Kila Jumanne akina mama walijaa pale na watoto wao. Yeye mwenyewe alinyoosha miguu, yeye mwenyewe akafunga plasta, na wauguzi wetu kazi yao ilikuwa kumshikia ndoo ya maji. Siku ya kuondoka tulimwimbia, tukampa kiondo, wengine wakalia. Jumanne iliyofuata akina mama wakaja kama kawaida. Plasta ilikuwa kabatini, tele. Mtu wa kuifunga hakuwako. Mama mmoja wa Kawangware, ambaye mtoto wake alibakiza plasta mbili tu, alikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, halafu akamchukua mtoto wake akaenda zake. Sikumwona tena.

Simlaumu yule dada. Hakuna aliyemwambia afundishe, na sisi wenyewe hatukuomba kufundishwa. Tulifurahi tu kwamba kazi inafanyika.

Sasa tuangalie ugonjwa wenyewe. Mguu wa mtoto huyu umepinda kuelekea ndani na chini, wayo ukitazama mguu wa pili, na ukijaribu kuunyoosha kwa mkono haukubali. Msichanganye na mtoto ambaye mguu ulikaa vibaya tu kwa kubanwa tumboni. Huo ukiusukuma polepole unarudi mahali pake. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 1.2 wana miguu hii, yaani karibu mtoto mmoja kwa kila watoto 800. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao wamepinda miguu yote miwili. Madaktari bado hawajaelewa kikamilifu sababu yake. Lakini si laana ya ukoo, wala si kwa sababu mama alimcheka kiwete alipokuwa na mimba. Haya maneno huwa tunayasema kwa mdomo mwepesi, na mama anayabeba miaka.

Matibabu yako, na mara nyingi hayahitaji operesheni kubwa. Yalibuniwa na Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, kuanzia miaka ya 1940. Wenzake hawakumsikiliza kwa muda mrefu, kwa maana walipenda kisu. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80 walipoanza kumfuata. Mtoto huanza matibabu katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Mguu hunyooshwa taratibu, bila kulazimishwa, kisha hufungwa plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya paja. Baada ya wiki moja plasta hutolewa, mguu unyooshwe kidogo tena, na kufungwa nyingine. Kwa kawaida ni plasta tano hadi saba. Watoto wengi hukatwa pia ule mshipa mgumu wa nyuma ya kisigino, kwa ganzi, jambo la dakika chache, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu ili mshipa uunge.

Hapo mguu umenyooka. Mama anafurahi, majirani wanafurahi, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mtoto hupewa viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Miezi mitatu ya kwanza huvivaa saa 23 kila siku, baadaye huvivaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka afikishe kama miaka 4. Mama akiona mguu mzuri na mtoto analia usiku, anavitoa. Baba naye anasema, "Si amepona? Mnamtesea nini?" Viatu vinatupwa chini ya kitanda na mguu unaanza kurudi ndani. Kazi yote ya plasta imepotea.

Tuje kwa majirani zetu wa Uganda, maana wao walifanya jambo ambalo hospitali ile yangu haikufanya. Katika miaka ya 1990 daktari wa mifupa kutoka Kanada, Norgrove Penny, alikaa na kufanya kazi huko. Baadaye Daktari Shafique Pirani, wa Kanada pia, alishirikiana na Daktari Edward Naddumba wa Hospitali ya Mulago na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere. Wakaanzisha mradi wa miaka sita pamoja na serikali. Wageni hawa wangeweza kukaa Mulago wakifunga plasta mpaka mikono ichoke, na foleni isingeisha. Walichagua kufundisha. Hawakufundisha madaktari wakubwa peke yao, kwa sababu hao ni wachache na wengi wako mjini. Waliwafundisha wahudumu wa hospitali za wilaya, wale ambao hawahami kila mwaka na ambao mama wa kijijini anawajua kwa jina. Kufikia Machi 2008 walikuwa wamewafundisha wahudumu 798 kutambua na kushughulikia miguu hii mtoto anapozaliwa, na matibabu yalipatikana katika hospitali 21. Somo hilo liliingizwa pia katika shule mbili za udaktari na tatu za wahudumu wengine wa afya, na wanafunzi 1,152 walikuwa wamelipata. Hebu fikirini maana yake. Hata ndege ya mgeni ikishaondoka, mwalimu wa Uganda anaingia darasani Jumatatu na kufundisha lile lile.

Na viatu je? Vya kununua ng'ambo ni ghali, na vikiisha vinaagizwa tena. Mholanzi mmoja, Michiel Steenbeek, aliyefanya kazi Katalemwa Cheshire Home huko Kampala, alibuni kiatu kinachotengenezwa kwa ngozi na chuma cha kawaida, kwa vyombo vya fundi viatu na mtu wa kuchomelea. Kiatu hicho kimebaki na jina lake na kinatumika katika nchi nyingi. Mimi nikipita karibu na vichinjio vya Dagoretti na kuona ngozi zinavyopakiwa kwenye malori, huwaza juu ya viatu hivyo. Ngozi tunayo, na mafundi wa jua kali wa kuchomelea tunao.

Hata hivyo, Uganda hawakumaliza taabu zote. Waliwauliza wazazi kwa nini wengine huacha matibabu katikati. Majibu yao mngeweza kuyatoa ninyi hapa: hospitali iko mbali, nauli hakuna, nyumbani kuna watoto wengine na shamba, mume hakubali. Na waliovumilia walisema nini? Kwamba mhudumu aliwaeleza vizuri bila ukali, na kwamba mume aliwasimamia. Hili la mume nawaomba wazee msiliruke.

Hapa ndipo kikundi kinaingia. Hakuna mtaalamu, wa kwetu au wa nje, atakayekuja kulala nyumbani kwa mama huyo kuhakikisha viatu vimevaliwa. Ninyi ndio mko jirani. Mkisikia mtoto amezaliwa, atakayeenda kumwona mama na uji aangalie pia miguu ya mtoto. Imepinda na hainyooki? Apelekwe zahanati wiki hiyo hiyo kuandikiwa rufaa. Sisi wa huku tuna bahati, maana Kikuyu ni matatu moja, na Kijabe, ambako hospitali ya CURE ya watoto wenye ulemavu ilifunguliwa mwaka 1998, si safari ya kulala njiani. Nauli ya kwenda kliniki mara saba ni pesa ambayo mama peke yake inaweza kumshinda katikati, lakini kikundi cha watu ishirini kinaweza kuipanga hata kabla ya plasta ya kwanza. Mkifanya hivyo, mpeni kila wiki ya wiki hiyo, msimpe yote mara moja. Nasema hivi kwa sababu najua unga nao huisha.

Plasta isiloweshwe. Vidole vikiwa baridi, vikivimba au vikibadilika rangi, mtoto arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kliniki ni kesho kutwa. Na kama yuko mtoto mkubwa pale kwenu ambaye hakutibiwa, mpelekeni pia akaangaliwe. Kuanza mapema ni bora zaidi, lakini msimfiche nyumbani eti wakati umepita.

Ya kuzungumza katika mkutano: Katika eneo letu, tunamjua mtoto mwenye miguu hii? Alianza matibabu akaacha? Aliacha kwa sababu gani, na sisi tulikuwa wapi? Wageni waliowahi kuja kujitolea hapa walimwachia nani ujuzi wao?

Kabla ya mkutano ujao chagueni watu wawili, mmoja awe mwanamume, waende kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kuuliza kwa heshima mambo matatu: kliniki ya miguu ni siku gani na iko wapi, anayefunga plasta ni nani, na siku akienda likizo nani mwingine anajua kuifunga.