SOMO LA MWEZI: MAPATO YA NG'AMBO NA KODI YAKO



Ukisimama ufukoni Magara asubuhi, milima ya Kongo unaiona kwa macho yako. Ukishika barabara ya Rumonge na Nyanza-Lac, mpaka wa Tanzania hauko mbali. Ndiyo sababu wenzetu wengi wa michikichi na wa viwandani wana kitu upande wa pili: fungu katika mtumbwi wa ndagala, chumba kilichopangishwa, au mshahara wa msimu mmoja. Wengine walikimbilia Tanzania mwaka 1972, wakaanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, na si yote waliyoyajenga kule yaliyoweza kurudi nao.

Katika mikutano swali hili huulizwa kwa kunong'ona: "Nikiitaja mali ile, si nitaadhibiwa?" Tujifunze pamoja.

1. MALI SI MAPATO
Mtumbwi ni mali. Fedha unayogawiwa baada ya kuvua ni mapato. Nyumba ni mali. Kodi ya pango ni mapato. Kodi ya mapato hutozwa juu ya kile kilichoingia katika mwaka. Kuwa na kitu nje si kosa la kodi. Kosa ni kuficha kilichoingia.

2. UNAISHI WAPI?
Wengi hudhani kodi hufuata uraia. Katika nchi zetu hufuata makazi kwanza. Kwa sheria ya Burundi ya tarehe 24 Januari 2013, mkaazi hutozwa kwa mapato ya ndani na ya nje. Asiye mkaazi hutozwa kwa yale ya Burundi tu. Tanzania nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2004, humhesabu kuwa mkaazi mtu aliyekaa siku 183 au zaidi katika mwaka, hata kama ni mgeni. Basi ukienda kufanya kazi Kigoma, andika tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Daftari la senti chache laweza kukuokoa.

3. MAKATO YA MSHAHARA HAYATOSHI
Mwajiri hukata kodi ya mshahara anaokulipa yeye. Ya mtumbwi hayajui. Mwenye mapato mengine ndiye anayepaswa kuyataja mwenyewe kwenye Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR). Usiseme, "Karani wa kiwanda ameshamaliza." Karani amemaliza ya kiwanda.

4. USILIPE MARA MBILI
Njia ya kawaida ya kumlinda mlipaji ni hii: kodi uliyolipa nje hupunguzwa katika kodi ya nyumbani. Tufanye hesabu ya mfano. Kodi ya nyumbani juu ya mapato yale ni faranga 120,000. Upande wa pili umekwisha kulipa kiasi cha faranga 60,000. Ukiwa na risiti, unabakiza 60,000. Ukiwa huna, utalipa 120,000 nzima, na jumla itafika 180,000. Risiti ile imekuwa na thamani ya faranga 60,000! Lakini ukiwa umelipa nje 150,000, usitegemee kurudishiwa zile 30,000 zilizozidi.

Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi mkataba wa kuzuia kodi mara mbili tarehe 30 Novemba 2010. Lakini kutia sahihi si kuanza kutumika. Kila nchi yapaswa kuuthibitisha. Kwa hiyo tegemea risiti yako kabla ya kutegemea mkataba.

5. LINDA JINA LAKO
Kuanzia mwaka 2007, maelfu ya wakimbizi wa 1972 walichukuliwa kutoka kambi za Tanzania kwenda kuishi Marekani. Baadhi yao hujenga kwetu na kumwomba ndugu apokee pango au aweke fedha benki kwa jina lake. Fahamuni: Marekani humtoza raia na mkaazi wake kwa mapato ya dunia nzima. Tena akaunti zake za nje zikipita jumla ya dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, lazima azitaje serikalini. Kutumia jina la nduguye hakumwondolei wajibu huo. Nawe uliyebaki, fedha ile huonekana kuwa yako. Msaidie ndugu yako, lakini muandikiane karatasi: fedha ni ya nani, imeingia lini, imetumikaje.

KUMBUKA: tarehe, risiti, karatasi ya makubaliano. Mwenye hivi vitatu haongei kwa kunong'ona.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI
1. Mwenzetu ana nyumba Kigoma lakini hakuna mpangaji. Je, ana mapato?
2. Mvuvi hupewa gawio bila karatasi yoyote. Aanze kujilinda vipi?
3. Ni nani tawini anayeweza kufuatana na mwenzake asiyejua kusoma hadi ofisi ya kodi?