Pete za Kisiki si Hesabu ya Miaka

Mkulima, ukikata msaipresi kwa msumeno mkali na kupangusa unga wa mbao, utaona pete nyingi juu ya kisiki, moja nje ya nyingine, nyeupe na nyeusi kwa zamu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kila pete ni mwaka mmoja. Mimi mwenyewe niliposomea ualimu niliandika hivyo katika daftari langu.

Fundisho hilo nusura livunje jamaa moja. Mwaka 2024 ndugu wawili walikuja ofisini kwetu wakibeba kipande cha shina. Mdogo alikuwa amehesabu pete 27. Alisema, “Miti hii ilipandwa 1997, baba akiwa hai, basi ni yetu sote.” Baba yao alifariki 2003. Mkubwa alishikilia kwamba aliipanda yeye kwa fedha zake. Hawakuwa wakisalimiana tena.

Tuone kwanza pete inatoka wapi. Chini ya gome kuna utando mwembamba, wenye majimaji, na hapo ndipo mti unapounda mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Mbao hiyo ni vijumba vidogo sana, kama vya sega la nyuki. Wakati wa mvua mti hunywa maji mengi, basi vijumba huwa vipana na kuta zake nyembamba. Sehemu hiyo huonekana nyeupe. Udongo ukikauka, vijumba huwa vidogo na kuta zake nene. Huo ndio mstari mweusi. Kiangazi kikizidi, mti hupumzika kabisa mpaka mvua irudi.

Huko Ulaya mti husimama kukua mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi kali, kwa hiyo pete moja ni mwaka mmoja. Lakini sisi wa Kinangop na Ol Kalou tuna mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Mti waweza kuandika pete mbili katika mwaka mmoja. Mvua fupi zikikosa kunyesha, pete moja hukosekana au huwa nyembamba kama uzi. Tena mvua ikikatika majuma kadhaa katikati ya msimu, mstari wa uongo huweza kutokea. Wenzetu wa Trans Nzoia, ambao mvua yao ni ndefu na kiangazi chao ni kimoja, wako karibu zaidi na hesabu ya Ulaya, ingawa nao wasiitegemee. Mkaratusi usijisumbue kuuhesabu. Pete zake hazionekani vizuri.

Basi nikawauliza wale ndugu kama kuna karatasi yoyote. Mkubwa alirudi kesho yake na mkebe wa majani ya chai, na ndani yake risiti ya miche 200, Aprili 2008. Mti ulikuwa na miaka 16. Kama kila mwaka ungeandika pete mbili, zingekuwa 32. Lakini misimu mingine ilikuwa mibaya, ndiyo sababu zikawa 27. Mdogo aliisoma risiti mara mbili, kisha akaomba radhi palepale, jambo ambalo si kila mtu angeweza.

Kosa lile lilikuwa na hasara nyingine. Msaipresi wa mbao huachwa ukomae kama miaka 30. Mbao ya katikati, ile iliyoundwa mti ukiwa mchanga, ni dhaifu na hupinda inapokauka. Anayekata mti wa miaka 16 akidhani ni wa 27 anauza karibu mbao hiyo tu, na fundi akishapasua ataijua.

Wataka kujua mti wako unakua namna gani? Chukua kamba na upime unene wa shina penye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Tia alama ya rangi ili upime pahali pale pale kila mara. Pima mwisho wa Februari, tena mwanzoni mwa Juni, na mara ya tatu mwishoni mwa Desemba. Utaona kwamba karibu unene wote huja na mvua. Kwa hiyo palilia miche mvua inapoanza, kwa maana nyasi hunywa maji yale yale ambayo mti ungeyageuza kuwa mbao.

Ukipima katika kiangazi ukakuta shina limepungua kidogo, usishtuke wala usimlaumu mtoto aliyeshika kamba. Gome hunywea likikosa maji, nalo hujaa tena baada ya mvua za kwanza. Andika kipimo kama kilivyo, na tarehe, katika daftari lile lile unamohifadhi risiti ya miche.