Mbegu za mapera na kidole tumbo

SWALI: Daktari, uani kwetu kuna mpera, na msimu huu wanangu hawabanduki pale. Mama mkwe ananionya kwamba mbegu za mapera huziba kidole tumbo. Anasema mtoto wa jirani alipasuliwa kwa sababu hiyo. Niukate? – Mama wa watoto wawili, Muheza.

JIBU: Mama, usiukate. Hofu ya mama mkwe ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia, na mara nyingi huvimba baada ya tundu lake kuziba, bakteria wakazaliana ndani na usaha ukajaa. Lakini kizibo chenyewe kwa kawaida ni kipande cha kinyesi kilichokauka kikawa kigumu, au tezi ndogo za kinga zilizomo ukutani mwake zinapovimba, jambo linalowapata zaidi watoto na vijana. Mbegu zimo kwenye orodha, ila mkiani kabisa. Madaktari wa Uturuki waliochapisha mwaka 2011 uchunguzi wa wagonjwa 1,969 waliokatwa kidole tumbo walikuta mbegu ya tunda kwa mgonjwa mmoja tu, na mabaki ya mimea kwa wengine 7.

Utaniambia Waturuki si walaji wa mapera. Sawa, ila wanakula tini, zabibu na komamanga, na mbegu zake wanazimeza. Tena huko Ulaya na Marekani, ambako wengi hupitisha mwaka bila kuonja pera, watu 7 au 8 kati ya 100 huugua kidole tumbo maishani mwao. Na hata daktari akiikuta mbegu ndani ya kidole tumbo alichokikata, bado hajampata mkosaji: mbegu za pera hupita tumboni mwa kila anayelila, na karibu wote hubaki wazima.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1971 aliandika kwamba ugonjwa huu ulikuwa adimu vijijini Afrika kwa sababu watu walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na kupata choo laini. Wapo waliompinga, na wana hoja, kwani anayehamia mjini habadilishi chakula peke yake. Hubadilisha maji, choo na makazi pia. Kwa hiyo sitakuambia pera ni kinga. Nitakuambia kwamba gramu 100 zake zina nyuzinyuzi gramu 5 hivi na vitamini C zaidi ya miligramu 200, karibu mara nne ya chungwa, na wanao wanaipata bila wewe kutoa hata senti.

Wapo pia wanaosema mapera hufunga choo, na hapo nakubali. Mabichi yana ukakasi unaokausha choo, na mtoto akila mengi kwa mkupuo mmoja bila maji, mbegu zinaweza kurundikana karibu na njia ya haja kubwa akahangaika kweli. Wale yaliyoiva, ganda la manjano linalobonyea kidogo, yaliyooshwa, mawili matatu yatosha, wanywe na maji. Kwa mtoto mdogo, chota kiini chenye mbegu kwa kijiko umpe nyama ya pembeni.

Kinachonitia wasiwasi ni mtoto anayeumwa tumbo halafu nyumba nzima ikatulia kwa kuwa hakula mapera. Maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini kulia, hamu ya kula ikapotea, akatapika au kupata homa, usimpe dawa ya kufungua choo wala kumkanda tumbo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwani kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka ndani ya siku moja hadi tatu.