Miguu Minne Chini: Nilivyomfundisha Radi Kutorukia Watu

Radi ana kilo 38. Akisimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele inafika mabegani mwangu. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, chotara wa German Shepherd, analala ndani ya beseni la kufulia. Siku hizo akirukia magoti yetu tulimbeba, tukamsemesha, tukacheka naye. Hapo ndipo tulipomfundisha kuruka. Naanza na ukweli huu kwa sababu wenye mbwa wakubwa wanaoniomba ushauri huniambia kwanza kwamba mbwa wao ni mtundu. Si mtundu. Alipewa somo akiwa mdogo, na amelishika vizuri.

Jioni moja jirani yetu hapa Kibagabaga, Kigali, bibi aliyevuka miaka sabini, alisukuma geti akiwa na mfuko wa maparachichi. Radi alitoka kibarazani mbio kumlaki, miguu miwili ikatua mabegani mwake. Mlinzi aliwahi kumdaka kiwiko, hakuanguka. Lakini maparachichi yalibiringika hadi mtaroni, na bibi akabaki ameegemea ukuta, macho amefumba, hata baada ya Radi kufungwa. Hakupiga kelele. Mdomo tu ulikuwa unatetemeka.

Alipoondoka, mlinzi aliniambia kwa sauti ya chini: "Dada, yule mama alikuwa hapa mwaka 1994."

Mwaka huo, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walikula miili ya waliouawa, na wanajeshi wakawa wanawapiga mbwa hao risasi. Mtu aliyeyaona hayo huwezi kumwambia, "Usiogope, anakupenda tu." Mimi nilikuwa nimezoea kuwaambia wageni hivyo. Tangu jioni ile sijasema tena.

Kwa nini anaruka

Watazame mbwa mwitu, wale wa Hifadhi ya Nyerere kule Tanzania. Wakubwa wakirudi kutoka mawindoni, watoto huwakimbilia na kuwalamba midomo, nao huwatapikia nyama. Kwa mbwa, kuusogelea uso wa mkubwa ni salamu na ni kuomba. Mbwa wa nyumbani anakutana na uso ulio juu sana, basi anaurukia.

Halafu kuna malipo. Ukimsukuma, umemgusa. Ukimfokea, umemsemesha. Ukimkazia macho, umemwitikia. Mbwa aliyeshinda peke yake uani mchana kutwa anavipokea vyote vitatu kama zawadi. Kwa hiyo kazi yangu haikuwa kumkomesha Radi asisalimie. Ilikuwa kumpa salamu nyingine.

Hatua ya kwanza: kikao cha nyumbani

Tulikaa wote, mimi, mume wangu, watoto na mlinzi. Tukagundua kwamba Radi akiruka, mimi husema "Shuka", mume wangu "Acha", mlinzi "Oya", na watoto wanaliita jina lake tu. Amri nne, na mbwa mmoja. Tukakubaliana neno moja: "Kaa". Tukakubaliana pia kwamba hakuna atakayemruhusu kuruka, hata siku ya furaha, hata kwa mtu aliyevaa nguo za kazi. Mbwa anayelipwa mara mojamoja huwa king'ang'anizi kuliko anayelipwa kila mara. Ni kama mvuvi: siku nne nyavu zinarudi tupu, ya tano anapata, na kesho yake anatweka tanga.

Hatua ya pili: ujira

Nilinunua dagaa wakavu soko la Kimironko, hapa wanaitwa indagara. Nawaosha kuondoa mchanga na chumvi, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta, nawaweka kwenye kikopo kando ya mlango. Dagaa mmoja kwa kila jibu sahihi anatosha. Siku nyingine natumia vipande vya maini ya kuchemsha, vidogo kama punje za mahindi.

Hatua ya tatu: ile nusu sekunde

Kabla ya kuruka, mwili wa mbwa unakuambia. Kwa Radi, masikio yanalala nyuma, uzito unahamia miguu ya nyuma, na kucha za mbele zinaanza kuachana na sakafu. Hapo ndipo mkono wangu unaposhuka, dagaa kati ya vidole, chini ya kidevu chake. Pua inafuata harufu, kichwa kinashuka, miguu ya mbele inabaki sakafuni. "Kaa." Makalio yakigusa chini, dagaa anatolewa karibu na sakafu, wala hatolewi juu, ili ajue riziki inapatikana huko. Nilifanya hivi mara kumi asubuhi na kumi jioni, mimi na yeye tu, kabla sijamwingiza mtu mwingine.

Hatua ya nne: kamba

Nilimfunga kwa kamba ya mita mbili kwenye nguzo ya kibaraza, kisha nikamwendea nikitokea mbali. Miguu ikinyanyuka, nageuka na kuondoka bila neno wala kumtazama. Miguu minne ikiwa chini, namsogelea. Siku ya kwanza nilienda na kurudi mara 17 kabla hajaketi mwenyewe. Nilipofika, nilipiga magoti nikamsalimia usoni, maana uso ndio aliokuwa akiutafuta siku zote.

Hatua ya tano: geti

Geti ndilo mtihani. Niliweka mkeka wa zamani hatua kumi kutoka getini, nikamfundisha kwamba mtu akigonga, mahali pake ni pale. Mlinzi alitoka nje akagonga, akaingia, akatoka, akagonga tena. Baadaye watoto wakachukua zamu, halafu marafiki wazima wasioogopa mbwa, ambao niliwaomba kwanza. Usimtumie kamwe mtu mwenye hofu kama chombo cha mazoezi. Na mgeni wa kweli akija kabla somo halijaiva, mbwa afungwe.

Nimewafikiria pia jirani zetu Waislamu. Fundi wa bomba alikuja Ijumaa moja akiwa na kanzu, amepanga kupitia msikitini. Ulimi wa mbwa kwenye kanzu ile ungemwachia kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kumheshimu mgeni ni pamoja na kuheshimu utohara wake.

Mambo yatakapozidi

Siku ya tisa Radi aliruka kuliko alivyowahi kuruka, akibweka na kunivuta mikono ya sweta. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kumbe mbwa ambaye njia yake ya zamani haimlipi tena huijaribu kwa nguvu zote kabla ya kuiacha. Wengi hukata tamaa hapo, wakamjibu, naye akajifunza kwamba akizidisha atapata. Nyamaza, mpe mgongo, subiri. Siku ya kumi na mbili alitulia.

Kuna ushauri niliopewa ambao sikuufuata: kumpiga goti la kifua, kumkanyaga vidole, kumchapa. Mbwa akiumizwa kila mgeni anapofika, anajifunza kwamba wageni ndio wanaoleta maumivu. Mbwa wa kilo 38 anayeogopa wageni ni hatari kuliko anayewapenda kupita kiasi.

Mambo mawili yanakwenda pamoja na somo. Kila alfajiri tunapanda kilima kwa dakika 45, kamba mkononi, ili nguvu zipate pa kwenda. Na chanjo yake ya kichaa cha mbwa hatuiachi ipitwe na tarehe. Mtu akikwaruzwa au kung'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Baada ya wiki sita nilimjaribu siku ya umuganda, kazi ya jamii ya kila mwezi. Tulikaa ndani ya geti lililo wazi, kamba mkononi, huku majirani wakipita na majembe na mafagio, wengine wakisimama kunisalimia. Radi alitetemeka kwa hamu, akaninong'onea kwa pua. Lakini alikaa. Kikopo cha dagaa kiliisha, na sikumnyima hata mmoja.

Kwa bibi nilikwenda mwenyewe, bila mbwa, kuomba radhi. Alinipokea, tukanywa chai, na hatukuzungumza habari za mbwa. Ilipita miezi miwili kabla hajagonga tena getini kwetu. Hamshiki Radi, na mimi simwombi amshike. Akigonga, Radi anakwenda mkekani na kukaa, mkia unafagia vumbi, na bibi anavuka uwanja hadi mlangoni mwenyewe, mfuko wake mkononi, bila kushikwa kiwiko na mlinzi.