Pigo la Tumbo: Damu Isiyoonekana

Mwendeshaji bodaboda akianguka kwenye Barabara ya Outering kisha ainuke bila jeraha, watu humpa pole na kutawanyika. Lakini ikiwa tumbo liligonga usukani au ukingo wa barabara, huenda anavuja damu ndani.

Ini liko chini ya mbavu za kulia, bandama chini ya mbavu za kushoto. Viungo hivi vimejaa damu na hupasuka kwa pigo zito. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na zaidi ya lita moja inaweza kumwagikia tumboni kabla tumbo halijavimba. Mwili wa kijana hujikaza kwa muda: anaongea, anatembea, hata anakataa kwenda hospitali. Halafu anazirai.

Dalili ni maumivu ya tumbo yanayozidi, tumbo kuwa gumu, jasho baridi, kiu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Bega la kushoto likiuma ilhali halikugongwa, bandama ishukiwe.

Hakuna bendeji inayofika huko ndani, na kukanda tumbo huzidisha madhara. Majeruhi alazwe chali, afunikwe, na asipewe chai, maji wala chakula, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Asinunuliwe dawa za maumivu dukani pia. Aspirini na ibuprofeni huzidisha kuvuja damu. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu hupatikana kwa nambari 1199, bila malipo ya simu.

Kwa wakazi wa Umoja, Kayole na Komarock, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo iliyo karibu. Daktari atatazama tumbo kwa ultrasaundi. Si kila mmoja hupasuliwa. Wengine hupona kwa kulazwa na kuchunguzwa kila saa. Ipo pia dawa ya sindano, asidi ya traneksamiki, ambayo utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 ulionyesha kuwa huokoa maisha, ila inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu ajali. Kusubiri hadi asubuhi ni kuikosa.

Ukosefu wa pesa usiwe sababu ya kubaki nyumbani: Ibara ya 43(2) ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani naye aangaliwe. Bandama iliyochanika kidogo inaweza kuanza kuvuja upya baada ya siku kadhaa.