Ukoma Ukicharuka Katikati ya Dozi: Mafunzo Niliyopata Kliniki

Nahudumia wagonjwa wa ukoma kusini mwa Tanzania. Haya ndiyo ninayowaambia wauguzi wapya.

1. Dawa ikifanya kazi, mgonjwa anaweza kuonekana amezidiwa.
Mvuvi mmoja alinirudishia pakiti yake mezani: “Dokta, dawa zako zimenimaliza.” Mabaka yaliyokuwa yametulia yalikuwa yameumuka, mekundu, ya moto ukiyagusa. Ile ni riaksheni. Rifampisini, mojawapo ya dawa za ukoma, huua vimelea wengi tangu dozi ya kwanza, lakini kinga ya mwili huendelea kuwashambulia, hata mabaki yao. Na kwa kuwa vimelea hawa hukaa ndani ya mishipa ya fahamu, mapigano huwa humo humo, na mshipa ndio unaoumia.

2. Dozi haikatishwi.
Miezi 6 au 12 ya dawa mseto inabaki vilevile. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, huongezwa juu yake, mara nyingi kuanzia miligramu 40 kwa siku, kisha inapunguzwa kidogo kidogo. Kabla ya kuianza, uliza kuhusu kisukari na kifua kikuu, na toa dawa ya minyoo. Mgonjwa asiiache ghafla kwa sababu amepata nafuu.

3. Kalamu ya biki ni kipimo.
Mgonjwa afumbe macho, umguse kiganjani na nyayoni kwa ncha ya kalamu, aonyeshe ulipogusa. Kisha sukuma kidole chake kidogo cha mwisho, yeye akikaza. Rudia kila anapokuja na uandike, maana mishipa mingine hufa kimyakimya bila maumivu yoyote. Kliniki inayogawa vidonge bila kupima mikono, kwa maoni yangu, imefanya nusu ya kazi.

4. Vinundu ni habari nyingine.
Wenye vimelea wengi hupata aina ya pili ya riaksheni: vinundu vyenye maumivu, homa, viungo kuuma, macho mekundu, wakati mwingine korodani kuvimba. Hii hujirudia, pengine kwa miaka. Thalidomaidi huituliza; daktari Jacob Sheskin aliligundua hilo Jerusalem mwaka 1964, alipompa mgonjwa ili apate usingizi. Lakini ni dawa ile ile iliyolemaza watoto tumboni, kwa hiyo mjamzito asiiguse kabisa.

5. Kumaliza dawa si kumaliza hatari.
Riaksheni huja hata baada ya jina kufutwa kwenye rejista. Kwa akina mama, miezi baada ya kujifungua ni ya kuangaliwa sana.

Ukiwa na ndugu anayetumia dawa za ukoma, au aliyekwisha kuzimaliza, akilalamika ganzi mpya, mguu kuburuta au jicho kutofumba, mpeleke kituoni leo. Mshipa uliodhurika kwa chini ya miezi 6 bado una nafasi nzuri ya kupona. Ukipita hapo, nafasi hiyo hupungua sana.