Salfa inaganda bombani: tufanyeje?

Swali: Mimi ni fundi katika kiwanda cha asidi, Kolwezi. Bomba letu la salfa iliyoyeyushwa lina koti la mvuke, lakini huziba mara kwa mara kwenye valvu. Tuongeze joto?

Jibu: Hapana, ndugu fundi. Salfa huyeyuka karibu na nyuzijoto 119 za Selsiasi na hutiririka vizuri kati ya 135 na 155. Ikipita 160 huwa nzito kama ulimbo, na pampu hushindwa kuisukuma. Mvuke wa shinikizo la bar 4 hivi unatosha.

Ubaridi hujificha pale koti linapokatika: kwenye valvu, flanji na vishikizo vya bomba. Navyo vivisheni makoti. Kisha pimeni joto la vitoa maji ya mvuke. Kilichopoa huenda kimeziba, na koti limejaa maji. Kagueni pia kihami joto, maana kikilowa mvua hupoteza joto haraka.

Bomba likishaganda, msianze kuyeyusha katikati. Salfa hutanuka inapoyeyuka, na ikikosa njia hupasua bomba. Anzieni mwisho ulio wazi, mkisogea hatua kwa hatua. Msitumie kamwe moto wa gesi: salfa huwaka, na moshi wake ni sumu inayoweza kuua.